Mbuna, Magadi na Neno "Maji Magumu": Kukisoma Kitabu cha Diana Walstad Ukiwa Kyela

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonirudisha kwenye kitabu hiki mara ya pili.

Nikiwa likizo nyumbani Kyela, mvuvi mmoja wa Matema alinipa mbuna wanne, wale samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe. Nikawaweka kwenye tangi la kioo la lita 100: udongo chini, mchanga juu yake, na majani marefu kama utepe niliyoyatoa ziwani penye kina kifupi. Wiki tatu tangi likaenda vizuri. Kisha nikakutana tena na ile kanuni inayorudiwa kila mahali, kwamba samaki wa maziwa makuu ya Afrika wanataka maji magumu yenye pH ya juu. Maji yetu ya nyumbani sabuni inatoa povu bila shida, na birika halina ukoko mweupe. Yaani maji laini. Nikaenda dukani, nikanunua magadi, yale ya kuivishia maharage, nikayeyusha vijiko viwili, nikamimina.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni akiangalia.

"Mwanangu, hao samaki si umewatoa ziwani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa kule ziwani nani anawawekea magadi?"

Nikacheka. Asubuhi mbuna wote wanne walikuwa wanaelea matumbo juu.

Sikukosea kwa kutosoma. Nilikosea kwa kusoma neno moja kana kwamba lina maana moja. Neno lenyewe ni "maji magumu", na kitabu kilichonifundisha kulipenda ni *Ecology of the Planted Aquarium* cha Diana Walstad, kilichotoka Marekani mwaka 1999. Bado nakiona ni kitabu bora kwa mtu anayetaka kufuga samaki pamoja na mimea. Ila kina mshono mmoja unaofumuka ukikivaa huku kwetu, na leo nataka tuutazame mshono huo.

Kwanza, haki yake

Kabla ya Walstad, ushauri mwingi wa matangi ya mimea ulikuwa ushauri wa manunuzi: mbolea ya maji, mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi, taa kali, chujio kubwa. Yeye akaja na hoja ya kimaskini, kwa maana nzuri. Weka udongo wa kawaida chini ya changarawe. Bakteria wataozesha kilichomo humo na kutoa kaboni dayoksaidi. Chakula cha samaki, kikishakuwa kinyesi, ni mbolea tosha. Mimea yenyewe itanyonya amonia kabla haijawadhuru samaki. Leo tangi la namna hiyo linaitwa kwa jina lake duniani kote, na kwa mwanafunzi asiye na hela ya vifaa huo ni ukombozi.

La pili alilolifanya ni kuyasafisha maji magumu jina. Wapenzi wengi wa mimea waliyaogopa, wakaamini mimea mizuri inataka maji laini yenye tindikali kidogo kama ya Amazon. Walstad akageuza meza: maji magumu yana kalsiamu, magnesiamu na virutubisho vingine ambavyo mmea hauwezi kuishi bila hivyo. Mwenye maji laini ndiye anayetakiwa kufikiria aongeze nini. Akaeleza pia kwamba mimea mingi ya majini haitegemei kaboni dayoksaidi peke yake. Ina uwezo wa kuchukua kaboni kutoka kwenye baikaboneti iliyoyeyuka majini.

Yote hayo ni kweli. Shida inaanza kwenye mizani anayotumia kuyapanga. Mimea anaigawa kuwa mimea ya maji magumu na mimea ya maji laini. Msomaji wa haraka, kama mimi, anatoka na somo fupi: ugumu ndio chakula, ongeza ugumu.

Vitu viwili ndani ya neno moja

Twende taratibu hapa, maana ndipo penye kiini.

Ugumu wa maji ni jumla ya kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka. Ndio unaoifanya sabuni igande badala ya kutoa povu. Ualkali wa maji ni kitu kingine: ni uwezo wa maji kuizuia tindikali isishushe pH, na katika maji mengi uwezo huo unatoka kwenye baikaboneti. Vipimo vya matangi vinauita wa kwanza GH na wa pili KH. Vyote viwili huandikwa kwa miligramu kwa lita, kana kwamba vyote ni chokaa, au kwa digrii. Digrii moja ni kama miligramu 18.

Kwa nini watu wanavichanganya? Kwa sababu katika nchi yenye miamba ya chokaa vinatembea pamoja. Mvua ikipita ardhini inachukua kaboni dayoksaidi ya kwenye udongo, inakuwa na tindikali kidogo, inayeyusha chokaa, na kinachotoka ni kalsiamu na baikaboneti kwa pamoja, kama mapacha. Ukipima mmoja, umemjua mwenzake. Sehemu kubwa ya Ulaya na Marekani, kulikozaliwa desturi ya matangi na vitabu vyake, inakaa juu ya miamba ya namna hiyo.

Sasa njoo kwetu. Milima ya Rungwe ni volkano. Kaboni dayoksaidi huku haitoki kwenye udongo tu, inapanda pia kutoka chini kabisa. Karibu na mlima Kiejo inavunwa kiwandani huko Ikama na kutiwa kwenye mitungi. (Ndiyo, gesi ileile ambayo wapenda matangi wa Ulaya wanainunua kwa bei mbaya sisi tunaifukulia ardhini.) Gesi hiyo ikikutana na maji, nayo inayatia tindikali, na tindikali inakula mwamba. Lakini mwamba wa volkano si chokaa. Una kalsiamu na magnesiamu, ndiyo, ila una sodiamu na potasiamu pia. Kwa hiyo baikaboneti inayotokea inapata wenzi mchanganyiko. Mapacha wanaachana. Unaweza kuwa na baikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo: maji yenye ualkali, lakini si magumu.

Mfano ulio wazi zaidi nchini uko kaskazini, kwenye miteremko ya Meru. Maji mengi ya huko yana sodiamu na baikaboneti kwa wingi, kalsiamu kidogo, na floraidi inayoharibu meno. Sabuni inatoa povu vizuri, pH iko juu. Ukimuuliza mama anayefua, atakwambia maji laini. Ukiuuliza mmea wenye uwezo wa kula baikaboneti, utakwambia mezani kumejaa. Wote wawili wako sahihi.

Na hapa ndipo birika langu liliponidanganya. Ukoko wa birika unatokea pale kalsiamu na baikaboneti zinapokutana kwenye joto: kaboni dayoksaidi inatoka, chokaa inabaki. Tendo hilohilo limejenga miamba ya chokaa kuzunguka chemchemi za moto za Songwe, upande wa Mbeya (nazungumzia Songwe inayoelekea Rukwa, si ile ya mpakani Kasumulu). Kama baikaboneti ipo lakini kalsiamu ni chache, birika linabaki linang'aa. Birika safi linakuambia habari za ugumu. Kuhusu ualkali halijakwambia kitu.

Ziwa lenyewe linasemaje?

Swali la shangazi lilikuwa swali la kisayansi, na jibu lake lilikuwa limeshachapishwa miaka mingi. Mwaka 1965 Jack Talling na Ida Talling walitoa jedwali kubwa la kemia ya maziwa ya Afrika. Ukichukua namba zao za Nyasa na kuzigeuza kuwa vipimo vya tangi, unapata ugumu wa takriban miligramu 70 kwa lita, na ualkali wa takriban miligramu 120. Kwa digrii, kama 4 na karibu 7.

Zitazame tena hizo namba. Ualkali umeuzidi ugumu kwa mbali. Kwa mgawanyo unaotumika sana, maji huitwa laini hadi miligramu 60, na huanza kuitwa magumu yakipita 120. Nyasa iko hatua chache tu juu ya laini. Ziwa ambalo dunia nzima inalitolea mfano wa "maji magumu ya Afrika" si gumu! Kilicho juu ni pH, ambayo mara nyingi inacheza kati ya 7.7 na 8.6, na inayoishikilia ni baikaboneti, si ugumu.

Linganisha na Tanganyika, kwenye jedwali lilelile: ugumu wa takriban miligramu 200, ualkali zaidi ya 300. Halafu Victoria, ambayo maji yake ni laini kabisa. Maziwa matatu makubwa, maji ya aina tatu. Kuyaweka kwenye fungu moja la "maziwa ya Afrika" na kuyauzia chumvi moja ni sawa na daktari anayetibu kwa kutazama uraia wa mgonjwa.

Kuna jambo jingine la kujua kabla hujachota maji ya bomba ukidhani ni sawa na ya ziwani. Maji mengi yanayoingia Nyasa huondoka kwa kuvukizwa na jua. Mto Shire kule kusini unatoa sehemu ndogo tu. Mvuke hauchukui madini. Kwa hiyo ziwa limekuwa likichemka polepole kama mchuzi, likijikoleza, kwa maelfu ya miaka. Kiwira, Mbaka na Lufirio zinashuka kwa kasi kutoka milimani, kwenye mvua nyingi, hazijapata muda huo. Na kisima kilicho karibu na chemchemi za moto kinaweza kuwa kitu kingine kabisa. Visima viwili vya vijiji jirani vinaweza kutofautiana kuliko Nyasa na mto wake.

Mimea inakula nini hasa?

Yale majani ya utepe niliyoyatoa ziwani ni Vallisneria. Inaota Nyasa penye mchanga na tope, na ni mojawapo ya mimea maarufu ya matangi duniani. Walstad anaiweka miongoni mwa mimea ya maji magumu, na kwa uzoefu wa wafugaji wengi yuko sahihi: inadumaa kwenye maji laini. Lakini hapa ipo inastawi kwenye ziwa lenye digrii 4 za ugumu. Kinachoifurahisha ni nini?

Jibu kubwa ni baikaboneti. Kaboni dayoksaidi inasafiri polepole mno ndani ya maji kuliko hewani, na pH ikipanda juu ya 8 inabaki kidogo sana. Mmea unaojua kula baikaboneti una ghala lingine. Usioweza, kama kuvumwani nyingi za majini, unashinda njaa. Mwaka 2019 jarida la *Science* lilichapisha uchambuzi uliokusanya spishi zaidi ya mia zilizokwisha kupimwa: karibu nusu zilikuwa na uwezo huo, na mimea ya namna hiyo ilikuwa mingi zaidi katika maeneo ambayo ardhi yake inatoa baikaboneti nyingi. Kipimo kilichotumika kueleza mimea ipi iko wapi kilikuwa baikaboneti. Neno "magumu" halikuhitajika.

Hiyo ndiyo lawama yangu kwa Walstad, na naisema kwa heshima. Sura yake ya kaboni inaeleza vizuri kwamba chakula ni baikaboneti. Lakini jina analoubandika mmea ni la ugumu. Kwenye nchi ya chokaa jina hilo halimdhuru mtu, kwa sababu mapacha wako pamoja. Kwenye nchi ya volkano jina linamtuma msomaji kununua kitu kisicho sahihi. Kalsiamu nayo ni ya lazima, sikatai, lakini kiasi kinachotosha ni kidogo kuliko neno "magumu" linavyotufanya tudhani. Vallisneria ya Matema ni shahidi.

Lawama ya pili ni ndogo. Udongo wake wa kupandia maua wa dukani, kwetu si kitu cha kawaida. Tuna tope la jaruba la mpunga na udongo mweusi wa migombani, na vyote viwili vinaweza kuwa na mbolea au samadi nyingi kuliko tangi linavyoweza kustahimili. Mantiki ya kitabu inabaki, ila mkono wa mpishi inabidi uwe wako: udongo kidogo, uliolowekwa na kubadilishwa maji mara kadhaa, na mchanga wa kutosha juu, hasa kwa mbuna maana wanachimba kama wanatafuta dhahabu.

Sasa mbuna wangu walikufa na nini?

Si ugumu uliowaua, kwa sababu sikuongeza ugumu hata kidogo. Magadi ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Hayana kalsiamu wala magnesiamu ya maana. Kaboneti inasukuma pH juu kwa nguvu. Maji ya magadi hufika karibu 10.

Mabadiliko hayo peke yake ni pigo kwa samaki. Juu yake kuna amonia. Kinyesi cha samaki kinatoa kitu chenye sura mbili: amoniamu, ambayo haina madhara makubwa, na amonia, ambayo ni sumu. pH ndiyo inayoamua sura ipi itawale. Kwenye nyuzijoto 25, pH ikiwa 7, sumu ni chini ya asilimia 1 ya jumla. pH 8, kama asilimia 5. pH 9, asilimia 36. Samaki hawakuongezeka, kinyesi hakikuongezeka, lakini kwa vijiko viwili niliigeuza hewa yao kuwa sumu usiku mmoja. Na magadi ya asili mara nyingi huja na floraidi pia. Kwa hiyo, mdau, magadi yabaki kwenye maharage.

Ufanye nini basi

Pima vyote viwili. Karatasi za kupimia zenye GH na KH zinatosha kwa kuanzia. Pima maji yako ya bomba au kisima, na kama unaweza, pima ya ziwani pale samaki walipotoka. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kazi yako; mengine ni kelele.

Kama tofauti ni ndogo, usiongeze kitu. Mbuna wanastahimili maji yaliyopungua kidogo, wasichostahimili ni maji yanayoruka kila wiki. Tangi tulivu lenye digrii 5 za ualkali ni bora kuliko tangi "sahihi" linalopanda na kushuka.

Kama ualkali uko chini sana, dawa ni baikaboneti ya soda safi, ile ya kuumulia keki, si magadi. Gramu 8 hivi kwenye lita 100 hupandisha ualkali kwa kama miligramu 50. Isambaze kwa siku kadhaa. Kumbuka haiongezi ugumu. Kama ugumu ndio ulio chini, hapo weka kipande cha chokaa au magamba ya konokono kwenye chujio. Yanayeyuka polepole, na yanatoa vyote viwili. Kwenye pH ya juu yanayeyuka taratibu mno, kwa hiyo usitegemee muujiza.

Kama maji ya kisima chako yamezidi, Kyela ina dawa ya bure. Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi nchini, na maji ya mvua karibu hayana madini. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga. Nusu kwa nusu, ugumu na ualkali vyote vinapungua nusu.

Ukiona ukoko mweupe juu ya majani ya Vallisneria wakati wa jua kali, usikimbilie dawa. Mmea umekula baikaboneti, pH ya pembeni ya jani imepanda, chokaa imeganda hapo. Ni birika lilelile, ila moto wake ni mwanga. Na kwa mapango ya mbuna huhitaji kununua mawe ya plastiki: chungu cha Ikombe kilichovunjika, kikioshwa bila sabuni, kinatosha.

Nakishauri kitabu cha Walstad kwa yeyote mwenye tangi na subira. Kisome chote, lakini kila unapokuta neno "magumu", simama uulize: hapa anazungumzia kalsiamu au baikaboneti? Mara nyingi utapata jibu ndani ya kitabu chenyewe. Mimi sikuuliza, na shangazi aliyeuliza sikumsikiliza.

Tangi lipo bado. Nimebadilisha maji yote, nimepima, Vallisneria imetoa machipukizi mapya pembeni ya chungu. Samaki bado sijaweka. Nasubiri KH isimame mahali pamoja kwa mwezi mzima, ndipo niende Matema.